Kaichukue Karatasi Yako ya Moko

Karatasi ya mtihani wa taifa hairudi. Mtoto wa kidato cha nne anaifanya Novemba, bahasha zinafungwa mbele ya wasimamizi, zinaondoka na askari, walimu wanakusanyika kusahihisha, na Januari matokeo yanapanda kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani: namba ya mtahiniwa, jinsi, pointi, divisheni, kisha herufi moja mbele ya kila somo. Hisabati, F. Imetoka hiyo. F haisemi kama mtoto alikwama kwenye logi, au alijua njia yote akasahau alama ya kutoa katikati ya hesabu. Haisemi kama Kiingereza cha swali ndicho kilichomshinda, au kama swali lenyewe hakulifikia kwa sababu muda ulimwishia akihangaika na la juu yake. Karatasi ya moko, ule mtihani wa majaribio unaoutangulia, ndiyo inayoweza kuyasema hayo.

Mimi ni mwalimu wa jioni. Nafundisha hisabati upande wa Makorora, hapa Tanga, kwenye nyumba ambayo mwenyewe ameishia kwenye bati. Plasta na madirisha vitakuja Mungu akijalia. Ubao wetu ni plaiwudi iliyopakwa rangi nyeusi, na mvua ya vuli ikipiga upande huo tunauhamishia ukuta wa pili, somo linaendelea. Wengi wa wanafunzi wangu wako shuleni bado, wanakuja na sare zao. Wachache ni wale ambao namba yao ya mtihani haianzi na S, inaanza na P. Hao ni watahiniwa wa kujitegemea, wanaorisiti, yaani wanaorudia mtihani, na kama hujawahi kukaa na anayerisiti hujajua herufi moja inavyoweza kumtesa mtu.

Kuna binti alikuja baada ya matokeo, matokeo yenyewe ameyapiga picha kwenye simu. Shikamoo madam, marahaba mwanangu, karibu. Nikamuuliza kwenye hisabati alikosea wapi.

"Sijui, madam."

Hakuwa mvivu. Alikuwa na madaftari ambayo ukiyaona unayaonea wivu: vichwa vya habari kwa kalamu nyekundu, mistari kwa rula, michoro imetiwa rangi. Mpango wake ulikuwa aanze upya, topiki ya kwanza ya kidato cha kwanza mpaka ya mwisho ya kidato cha nne, kwa kila somo alilofeli. Nikamwambia ukweli wangu: huo ni mpango wa mtu aliyedondosha sindano chumbani akaamua kufagia Barabara ya 12 nzima. Akacheka, lakini cheko la shida.

"Na moko mlirudishiwa?"

"Tulirudishiwa."

"Iko wapi?"

Kimya. Kisha, kwa sauti ya chini: "Niliichana. Nilipata 24."

Hebu tuitazame hiyo 24 kwa utulivu, maana alama ya namna hiyo watu huionea haya tu, hawaisomi. Karatasi ya Hisabati ya kidato cha nne ina maswali 14, yote ya lazima, kwa saa 3. Sehemu A ina maswali 10, kila moja alama 6. Sehemu B ina maswali 4, kila moja alama 10. D inaanzia 30. Kwa hiyo aliyepata 24 amepungukiwa alama 6, yaani swali moja la sehemu A. Na alama hizo hazikuwa mbinguni, zilikuwa mle mle kwenye karatasi aliyoichana: pengine pale alipopewa 4 kati ya 6, pengine pale alipoandika jibu tupu wakati maelekezo yanadai njia ionekane, pengine pale alipokosea kunakili namba ya swali lenyewe, akaenda nayo hivyo hivyo mpaka mwisho. Sisemi D ni ya kufanyia sherehe. Anayetaka kidato cha tano anatafuta C, na C inaanzia 45. Lakini hili ndilo somo linalofelisha kuliko yote. Mwaka 2022 waliofaulu nchi nzima walikuwa kama mmoja kati ya watano. Mtu asimame hatua moja nje ya mlango, halafu aambiwe arudi mpaka kidato cha kwanza kuanza safari upya? Na aliyemwambia hivyo ni nani, kama si hofu yake mwenyewe?

Nimekuwa nikiwauliza vijana karatasi zao za moko huenda wapi. Wanaangalia alama ya juu, ile nyekundu, wanaikunja karatasi ndogo kabisa, inaingia mfukoni au chini ya godoro mama asiione, na baada ya hapo haina mwenyewe. Pale soko la Mgandini nilinunua karanga zimefungwa kwenye kipande cha jaribio la baiolojia. Nikala karanga huku nasoma. Mtoto wa watu, kwa Kiingereza cha kujikakamua, ameandika kwamba mimea hupumua usiku tu, kwa sababu mchana ina kazi ya kutengeneza chakula. Mwalimu kazungusha duara jekundu, pembeni kaandika aangalie tena. Ni kosa zuri sana lile, ukilisikiliza. Mtoto amefikiri. Ameona mchana kuna hewa ya oksijeni inayotoka kwenye jani, akahitimisha kwamba kupumua kumesimama. Angekaa na mtu dakika 2 tu, akaambiwa kwamba kupumua hakusimami hata nukta moja, usiku na mchana, ila mchana usanisinuru huwa na kasi kubwa mpaka unaufunika usionekane, asingelisahau jambo hilo. Badala yake duara jekundu limefungia karanga za mia mbili.

Msinielewe vibaya, sitaki kuwatwisha watoto mzigo wote. Yapo madarasa ambayo moko ikirudi, kinachorudi nayo ni fimbo. Mmesimamishwa kwa mstari, waliopata chini ya alama fulani wapite mbele. Katika darasa la hivyo mtoto mwenye akili anajifunza kitu kimoja haraka sana: kosa ni la kufichwa. Akiwa hajui jibu hataandika anachofikiri, ataacha wazi, kwa sababu nafasi tupu haichekwi na mtu. Ukija kumfundisha mtoto huyo jioni, kazi ya kwanza si hisabati hata kidogo. Ni kumshawishi aandike jibu ambalo huenda si sahihi, mbele ya wenzake, na dunia isianguke.

Hapo ndipo ninapomkumbuka kijana mmoja wa Mabawa. Mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi, anafika na baiskeli ya baba yake na lazima apige kengele ndipo ashuke. Niliandika ubaoni kipeuo cha pili cha 9 jumlisha 16, zote mbili chini ya alama moja ya kipeuo. Sijamaliza kufuta chaki mkononi.

"Saba! Madam, hiyo hata mdogo wangu anaijua. Tatu jumlisha nne."

"Una uhakika?"

"Mia kwa mia."

"Haya, jumlisha kwanza zile zilizo ndani."

Tisa na kumi na sita, ishirini na tano. Kipeuo chake, tano. Darasa likamwangukia kwa kicheko, yeye hakucheka. Alikaa kimya, akaandika kitu kwenye daftari, akakifuta, kisha akauliza swali ambalo mimi nilikuwa sijalipanga kwenye somo la siku hiyo: "Sasa mbona ya kuzidisha inakubali? Tisa mara kumi na sita, kipeuo chake kumi na mbili, na tatu mara nne ni kumi na mbili. Kwa nini kujumlisha ikatae?"

Tuliacha topiki. Tukachora miraba ubaoni mpaka giza likaingia, mraba wa upande 3, mraba wa upande 4, na mraba wa upande 7, tukahesabu vijumba. Mraba wa upande 7 una vijumba 49, ile miwili midogo ukiijumlisha ina 25. Vijumba 24 vinatoka wapi? Vinatoka kwenye mistatili miwili ya 3 kwa 4 ambayo huiona mpaka uchore. Hapo hapo mwenzake akagundua kwa nini huwa anakosea mabano ya kipeo cha pili, maana ni kosa lile lile limevaa nguo nyingine. Yule wa Mabawa mpaka leo ukimtegea mtego huo haingii. Lakini kuna waliokuwa darasani siku hiyo, waliojibu kwa kubahatisha, "labda tano, labda saba", wakaambiwa ni tano wakaandika tano. Juma lililofuata wameirudia saba kama vile hawakuwepo.

Mwanzoni nilidhani ni tabia ya yule kijana tu. Kumbe jambo hili limepimwa. Mwaka 2001 Brady Butterfield na Janet Metcalfe, huko Marekani, walichapisha utafiti ambamo watu waliulizwa maswali ya maarifa ya kawaida, na kila jibu walieleza wana uhakika nalo kiasi gani. Waliokosea walionyeshwa jibu sahihi. Walipoulizwa tena, makosa yaliyokuwa yametolewa kwa uhakika mkubwa ndiyo yaliyosahihishika zaidi, kuliko yale ya kubahatisha. Unaweza kudhani ingekuwa kinyume, kwamba aliyeshikilia uongo kwa nguvu ndiye mgumu kuuachia. Lakini mtu aliyekuwa na hakika halafu akapigwa na jibu tofauti hushtuka, na akishtuka husikiliza. Aliyebahatisha hana cha kumshtua. Sharti ni moja tu na ndilo linalotukwamisha sisi: lazima aonyeshwe. Kosa la uhakika lisiporudi kwa mwenyewe, anabaki nalo, na atalipeleka Novemba kwa uhakika ule ule.

Tangu nisome hayo nimewawekea wanafunzi wangu utaratibu. Kila jibu unalolijua kwa hakika, weka kinyota pembeni kwa penseli. Usilolijua vizuri usiweke. Karatasi ikisahihishwa, watu wote wana haraka ya kuangalia jumla. Sisi tunaanza kutafuta vinyota vilivyoangukia kwenye mkasi, ile alama ya kosa. Mara nyingi ni vichache. Ukivishughulikia hivyo kwanza, mwanafunzi anaona kitu kinasogea, na moyo wake unarudi. Yale aliyoacha wazi ni ya kufundishwa, yatachukua muda wake, si ya usiku mmoja.

Nikisema usiku nakumbuka msuli, kule kusoma kwa kukesha. Oktoba ikifika, mji huu una watu wa aina mbili wasiolala: wauza kahawa na watahiniwa. Shule nyingine zinaweka kambi, wanafunzi wanahamia na magodoro. Maktaba ya mkoa viti vinawahiwa mapema, ukichelewa unasoma umesimama. Nyumbani, mtoto anaweka miguu kwenye beseni la maji baridi asisinzie, umeme ukikatika anawasha tochi ya simu, na anapitia daftari mara ya tano, ya sita, mdomo unacheza. Simu hiyo hiyo inaleta na wale matapeli wanaouza "pepa lenyewe" usiku wa kuamkia mtihani, na wapo wanaotuma hela. Akina mama nao hawajalala. Wengine wanapeleka majina msikitini, wengine kanisani, wengine wanaandikisha kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa maji, mtoto anakunywa. Kombe silisemi vibaya. Mtoto akiingia chumba cha mtihani roho imetulia kwa dua ya mama yake, mkono hautetemeki. Ninachosikitikia ni kwamba mama huyo huyo, aliyehangaika kutafuta zafarani, moko ya mwanawe hajaiona.

Msuli wenyewe ndio nina ugomvi nao. Si kusoma, ni kule kusoma kwa kupitisha macho juu ya daftari lile lile. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kimoja cha Marekani vifungu vifupi vya kusoma. Kundi moja likavisoma tena. Jingine likafunikiwa vifungu, likaandika yote linayokumbuka, bila hata kuonyeshwa lilipokosea. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndio waliokuwa juu. Baada ya juma moja mambo yakageuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Ukiitazama ile ya dakika 5 unaelewa kwa nini watoto wanaupenda msuli. Unafunga daftari saa nane za usiku, kila kitu kimo kichwani, kimepangika, kinang'aa. Huo mng'ao ni wa dakika 5. Na usingizi alioukimbia ndio ambao ubongo huutumia kuyakaza yaliyosomwa mchana. Mimi nawaambia wangu: funga daftari, chukua karatasi tupu, andika. Ukikwama, hapo ulipokwama ndipo pa kusoma. Wanasema inachosha. Inachosha kweli.

Kuna kitu kingine ambacho nashangaa vijana hawakijui, wakati pasti pepa, karatasi za mitihani iliyopita, za miaka kumi wanazo zote kwenye simu. Baraza la Mitihani huweka kwenye tovuti yake, bure, taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Swali kwa swali wanaeleza watahiniwa wangapi walifanya vizuri, wangapi wastani, wangapi vibaya, kwa rangi ya kijani, njano na nyekundu, na zaidi ya yote wanabandika picha ya jibu lenyewe, kwa mwandiko wa mtahiniwa ambaye hatajwi jina. Unaona hesabu ya mtoto wa mahali fulani Tanzania ikianza vizuri, mstari wa pili, wa tatu, halafu inapinda. Chini yake wameandika ilipindia wapi. Taarifa hizo, isipokuwa za Kiswahili na nyingine chache, zimeandikwa kwa Kiingereza, na lugha yake ni ya kiofisi, kwa hiyo mwalimu inabidi asaidie. Lakini zina kitu ambacho pasti pepa haina. Pasti pepa inakuonyesha swali. Hii inakuonyesha mtu akikosea.

Na ukizisoma za miaka kadhaa utaona malalamiko yanajirudia: mtahiniwa hakuelewa swali linataka nini, lugha imempiga chenga, maarifa hayatoshi. Mambo hayo mawili ya mwanzo yananiuma, kwa sababu mtoto huyu alisoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, kisha akaingia kidato cha kwanza akakuta kila kitu kimegeuka. Nimewahi kumsomea mwanafunzi swali la takwimu kwa Kiswahili akalimaliza palepale, swali ambalo kwenye moko aliliacha wazi. Mtoto huyo akisoma takwimu usiku kucha hatapona, kwa sababu si takwimu zinazomuua. Utalijuaje hilo bila kuiona karatasi yake?

Yule binti wa P tulimtafutia njia. Moko ya zamani imeshachanwa, haipo. Nikamwomba rafiki yangu mwalimu anipatie moko ya mwaka uliofuata, tukamkalisha kwa muda wa saa 3 kamili kwenye dawati la mwisho, chini ya bati, joto la kwetu mnalijua. Akapata 27. Safari hii hakuichana. Tuliiweka mezani tukaipitia mstari kwa mstari, na vinyota vyake. Kumbe kwenye hesabu za mafumbo alikuwa anaunda mlinganyo sahihi kabisa, kisha anautatua kichwani na kuandika jibu peke yake, kwa mazoea ya daftari lake zuri lile, ambalo hakutaka lichafuke kwa mahesabu. Alama za njia zote zilikuwa zinamwagika hapo. Topiki ambazo kweli hazijui zilikuwa tatu tu, moja ikiwa vekta, ambazo hata sasa tunaparurana nazo.

Wazazi wenzangu wananiambia shuleni hawapewi karatasi. Wanaambiwa zinatunzwa kwenye faili, wathibiti ubora, wale wakaguzi wa shule, wakija wazikute. Sawa, zitunzwe. Nenda na mwanao, amkieni vizuri, ombeni kuiona hapo hapo ofisini. Sijaona mwalimu wa taaluma aliyemfukuza mzazi aliyekuja kwa adabu kuuliza karatasi ya mtoto wake. Pigeni picha kwa simu, kila ukurasa, hata ule wa nyuma, maana walimu wengi wakikosa nafasi mbele huandika maelezo yao huko.